Kwa mnaoingia maabara ya uhandisi kemikali: andika siku hiyohiyo

Wadogo zangu mnaoanza maabara muhula huu, kabla hamjashika pipeti nataka mumjue Frances Arnold, mhandisi kemikali wa Marekani. Hakuanzia kwenye kemia. Digrii yake ya kwanza, aliyoipata Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1979, ni ya uhandisi wa mitambo na anga. Akafanya kazi ya nishati ya jua huko Colorado, ndipo akaenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kumaliza udaktari wa uhandisi kemikali mwaka 1985. Basi uliyetoka fani nyingine usijione umepotea njia.

Alipokuwa akifanya kazi Caltech, chuo kikuu kingine cha California, alijaribu kusanifu vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, kwa kukokotoa, ikashindikana. Akashika njia ya mkulima achaguaye mbegu: unabadilisha jeni, yaani maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya, bila kupanga, unapima vimeng'enya vingi vinavyotokea, unachukua kilicho bora, unakibadilisha tena. Mwaka 1993 yeye na mwenzake walichapisha kimeng'enya kilichofanya kazi mara 256 kuliko kile cha asili, ndani ya kiyeyushi (kimiminika cha kuyeyushia vitu) ambacho kwa kawaida hukidhoofisha. Mwaka 2018 akapewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Ila ninalotaka mlishike lilikuja baadaye. Januari 2020 aliiondoa makala ya maabara yake iliyokuwa imetoka katika jarida la Science mwezi Mei 2019. Majaribio yaliporudiwa, matokeo hayakupatikana. Daftari la maabara lilipokaguliwa, majaribio muhimu hayakuwa na maandishi ya siku yenyewe wala data ghafi. Akatangaza mwenyewe hadharani, akaomba radhi, akakiri kwamba hakuifanya kazi yake vizuri. Profesa mwenye Nobel! Kwa hilo namheshimu kuliko kwa tuzo yenyewe.

Mimi daftari lilinifunza kwa uchungu. Nilikuwa nachachusha molasi kupata ethanoli. Joto na pH (kipimo cha asidi) nikaviandika kwenye kikaratasi, nikijiambia nitanakili Ijumaa. Ijumaa ilipofika kikaratasi hakipo. Kazi ya wiki tatu nikaianza upya.

Tumieni wino, si penseli. Andikeni tarehe, saa, namba iliyo kwenye chupa ya kemikali, na jaribio lililoharibika nalo liingie. Ukikosea, pitisha mstari mmoja tu ili kosa lisomeke. Na kabla hujavua koti la maabara, mwite mwenzako asome ukurasa wa leo, aweke sahihi chini yake.