Mkuu, usiandike "mitandao inapingana" kabla hujarudia uchakataji

Simama hapo kwanza. Umesema umetoa ishara ya ubongo mzima (wastani wa ishara za sehemu zote za ubongo) kwenye data zako za fMRI, yaani picha za MRI zinazofuatilia kazi ya ubongo, ukapata uhusiano wa -0.6 kati ya mtandao wa mawazo ya ndani na ule wa umakini wa nje. Sasa unauliza uandikeje kwenye tasnifu kwamba inapingana, yaani mmoja ukipanda mwingine unashuka, na insula ya kulia (sehemu ya ndani ya ubongo) iingie wapi. Hiyo -0.6 huenda umeitengeneza mwenyewe.

Chukua karatasi. Mtandao A una 4, 6, 9. Mtandao B una 2, 4, 5. Inapanda pamoja, hata mtoto anaona. Wastani wao, ambao hapa ndio ishara ya ubongo mzima, ni 3, 5, 7. Utoe: A inabaki 1, 1, 2 na B inabaki -1, -1, -2. Uhusiano umekuwa -1 kamili, na ubongo haujafanya lolote. Ukitumia regresheni (kuondoa kwa hesabu sehemu inayofuata wastani huo) badala ya kutoa moja kwa moja, bado unapata -1. Kwenye voxeli maelfu (vipande vidogo vya picha ya ubongo) haifiki huko, ila hesabu ni ileile: baada ya regresheni, kovariansi (kipimo cha kupanda na kushuka pamoja) za voxeli moja na voxeli zote za ubongo zinajumlishwa kuwa sifuri, kwa hiyo lazima baadhi ziwe hasi. Murphy na wenzake walilionyesha hili mwaka 2009.

Halafu bado kuna watu wanafundisha kwa slaidi: "weka tiki kwenye kutoa ishara ya ubongo mzima, data inakuwa safi." Inaudhi sana! Wanajua mwanafunzi atakwenda kusimama mbele ya watahini peke yake.

Sikatai kwamba ishara ya ubongo mzima hubeba uchafu wa pumzi na kutikisika kwa kichwa. Usafishe kwa njia nyingine: toa komponenti kuu tano (mienendo mikuu ya ishara) za mada nyeupe, yaani nyuzi za ndani ya ubongo, na tano za majimaji ya ubongo (njia iitwayo aCompCor), weka vigezo vya mwendo wa kichwa kwenye regresheni, na ondoa picha zilizosogea zaidi ya milimita 0.5. Kwa aCompCor, Chai na wenzake, 2012, bado waliona uhusiano hasi, kwa hiyo wako nao unaweza kubaki. Ila ubaki wenyewe.

Kanuni ni moja: chakata mara mbili, pamoja na regresheni ya ishara ya ubongo mzima na bila hiyo, uripoti zote. Alama ya uhusiano ikigeuka kutoka hasi kuwa chanya, huna ushahidi wa mitandao kupingana.

Ukipata namba zote mbili ziweke hapa, pamoja na grafu ya mwendo wa kichwa ya kila mshiriki.