Unaenda kwenye theluji na gari? Fungua buti kwanza

Juzi kijana mmoja wa Watamu kanitumia meseji. Januari anaenda Italia kwa jamaa zake, wamepanga kupanda Livigno, mji wa milimani, kuteleza na ski na yeye ndo ameambiwa atakuwa dereva wa gari la pili. Swali lake: "Bro, ninunue koti gani?" Koti! Nilicheka peke yangu pale barazani mpaka mke wangu akatoka kuangalia kuna nini. Manake na mimi nilianza hivohivo, nikanunua koti, nikanunua viatu vya buti, nikanunua na kofia ya sufi, la gari sikuliwaza kabisa.

Mwenye kunijua anajua nimebeba watalii miaka 12, Malindi mpaka geti la Sala kule Tsavo, mvua za masika, tope, mchanga, puncha porini usiku, yote nimeyaona. Kwa hivo nilipofika Milano kwa dadangu, na shemeji (Mwitaliano, mtu mpole tu) akanishika mkono akasema twende hapo chini gereji nikuonyeshe kufunga cheni za theluji (minyororo ya kuvisha tairi isiteleze) kabla hatujatoka, nikamwambia shem, mambo ya gari usinifundishe mimi. Nilisema mbele ya watu, na nilisema kwa Kitaliano, ili wote wasikie.

Gari langu lilikuwa la kukodi, dogo, la dizeli, lina tairi za kawaida na cheni ndani ya boksi kwenye buti. Kisheria hapo uko sawa, sababu kule kuanzia 15 Novemba mpaka 15 Aprili barabara nyingi zinakutaka uwe na tairi za msimu wa baridi au cheni ndani ya gari. Lakini sheria haipandi mlima, ni wewe unayepanda. Raba ya tairi la kawaida ikishapoa chini ya nyuzi 7 hivi inakakamaa, haishiki vizuri tena. Tairi za baridi raba yake ni laini na zina alama ya mlima wa vilele vitatu na kitu kama nyota ya theluji ndani yake. Ukiweza kupata gari lenye hizo, lipa hiyo pesa ya zaidi, usijifanye mjanja.

Basi tukatoka, kando ya ziwa, Sondrio, Tirano, barabara kavu kabisa, nasikiliza taarab. Bormio tukafika giza linaingia. Kutoka pale kwenda Livigno kuna kupita Foscagno, njia ya juu mlimani, mita 2,291 juu, na theluji ikaanza kama mtu anapepeta unga wa mahamri. Sikuogopa. Kona ya tatu au ya nne gari likaanza kuzungusha miguu bila kwenda, halafu likawa linarudi nyuma taratiiibu, mi nimekanyaga breki mpaka mwisho na bado linarudi.

Shemeji alikuwa ametangulia, hayuko. Nyuma yangu foleni.

Nikafungua boksi. Cheni imejisokota kama jarife lililonasa kwenye mwamba, glavu zangu za sufi zimelowa dakika ya kwanza nikazivua, chuma kinakamata vidole, na taa za magari ya nyuma ndo zinanimulika kama niko jukwaani. Nikahangaika karibu nusu saa nikafaulu kufunga moja, jasho linanitoka kwenye baridi ya nyuzi 11 chini ya sifuri, nikasimama nikijiona mwanamume. Hapo akashuka bibi mmoja kutoka kwenye Fiat Panda kuukuu, umri wa kunizaa mara mbili, akaangalia, akasema neno moja tu: "Davanti." Mbele! Nilikuwa nimefunga gurudumu la nyuma, mazoea ya gari za safari, na hako kagari kanavutwa na miguu ya mbele.

Yule bibi akatoa kapeti la plastiki ndani ya gari yake akaliweka chini akapiga magoti, akapitisha ule waya wa cheni nyuma ya tairi, akauunga kwa juu, akausukuma chini, akafunga ndoano za mbele, akavuta. Mguu wa pili vivohivo. Akaniambia nisogee mita chache nisimame, akakaza tena. Hazikufika dakika kumi. Sikujua hata niweke wapi uso wangu.

Kwa hivo kijana wangu, koti baadaye. Kwanza fungua buti, toa cheni, uzifunge mchana, pakavu, mara tatu, na ujue gari lako linavutwa na miguu gani. Ukishafunga usizidishe kilomita 50 kwa saa, na ukifika lami kavu vua. Weka kapeti, tochi ya kichwani na glavu za raba. Maji ya waipa yawe yale ya msimu wa baridi, yasiyoganda, mi nilijaza maji ya bomba Sondrio yakaganda na kioo kikawa tope la chumvi tupu (ndio, chumvi, sisi Gongoni tunaivuna wao wanaimwaga barabarani ili barafu iyeyuke). Usiku usivute hendibreki, inaweza kuganda, acha gari kwenye gia. Dizeli jaza ukishafika milimani, wanauza ya msimu wa baridi, ile ya bondeni inaweza kushika kama samli. Na kama gari ni la mtu binafsi muulize kulanti, ile dawa ya rejeta isiyoganda. Huku tumezoea kumwaga maji matupu kwenye rejeta, kule maji yakiganda yanavimba yanapasua injini. Lakini cheni, cheni, cheni. Zifunge nyumbani kwanza.

Na niwaambie vijana wenzangu wa Malindi, sisi tuna ugonjwa. Mtu kaendesha tuktuk miaka miwili, tayari haambiliki. Mtu akikuonyesha kazi yake unaona anakudharau. Mwenye nchi anajua mvua yake, bana, msikilize, umwambie asante, ujifunze, hata kama unajua nusu. Mi ningekaa gereji dakika kumi tu na shemeji, nisingepigiwa honi na nusu ya mkoa wa Lombardia.

Kisa chenyewe shemeji anakisimulia mpaka leo, na kila mwaka bibi anazidi kuzeeka, sasa amefika miaka 90. Mi nacheka nao, nifanyeje.

Agosti shemeji anakuja Malindi. Kasema hataki dereva, ataendesha mwenyewe mpaka ufukweni Mambrui, kwenye ile njia ya mchanga, na upepo wa tairi hataupunguza kama tunavyofanya sisi mchangani, ataacha vilevile kama ulivyo manake gari ni four-wheel. Nimemjibu sawa shem, karibu sana.