Maswali ya Wasomaji: Kasha la Babu Kabla Halijapelekwa Maktaba ya Chuo Kikuu

Toleo lililopita tulieleza kwamba maktaba za vyuo vikuu hupokea nyaraka za familia, si vitabu vilivyochapwa tu. Barua nyingi zilizotufikia zimetoka Tanga, na iliyo ndefu kuliko zote tunaijibu kwa kirefu, maana yanayouliziwa humo yamo katika nyumba nyingi za pwani.

Assalaam alaykum. Marehemu babu yetu alikuwa mwalimu wa Kurani hapa Ngamiani. Ameacha kasha la madaftari ya tenzi kwa hati ya Kiarabu, barua, na vipande (kadi za kazi) vya shamba la mkonge. Masika yameyaotesha ukungu. Tumekubaliana yapelekwe chuo kikuu Dar es Salaam, lakini kaka anataka tuyaanike juani kwanza, na shangazi anasema yatiwe laminesheni. Tushike lipi? (Mama wa Ngamiani)

Waalaykum salaam, mama. Msishike lolote kati ya hayo mawili. Jua hufifisha wino na kukausha karatasi upande mmoja, ikajikunja. Laminesheni ni mbaya zaidi: plastiki huyeyushwa kwa moto ikagandamana na karatasi, na kuibandua baadaye bila kuichana karatasi ni kazi isiyowezekana kwa daftari kuukuu.

Ukungu huota unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi, na Tanga wakati wa masika hewa hupita hapo siku nyingi mfululizo. Kwa hiyo kaushieni kivulini, ndani ya chumba chenye madirisha yanayotazamana. Feni ielekezwe ukutani, isipulize karatasi. Tandikeni shuka safi la pamba au karatasi nyeupe; msitumie magazeti, wino wake huhamia. Barua zilazwe moja moja. Daftari lisimamishwe likiwa limefunguka kidogo, na kurasa zilizoshikana msizibandue kwa nguvu.

Mtajuaje kuwa pamekauka? Gusa ukungu kwa ncha ya brashi. Ukirushwa kama vumbi, umekauka. Ukipakaa na kuacha mchirizi, bado ni mbichi: acheni siku nyingine. Wengi huharibu hapa, kwa kufuta ukungu ungali mbichi na kuushindilia ndani ya karatasi.

Ukishakauka, tokeni barazani, upepo uwe mgongoni, mvae barakoa ya N95 (ya kitambaa haizuii vumbi la ukungu), mpanguse kwa brashi laini ya rangi ya upana wa inchi moja, kutoka kwenye mshono wa daftari kwenda nje. Mwenye pumu asikaribie. Kitambaa kilicholoa, spiriti na dawa ya kung'arishia nguo visiguse kitu. Wino wa masizi uliotumika katika hati nyingi za zamani unayeyuka kwa maji, na tone moja linatosha kufuta mshororo mzima.

Sasa jambo tunalowaomba mlitilie maanani kuliko yote: msipange upya. Barua iliyokutwa ndani ya daftari ibaki ukurasa ule ule. Utenzi mwingi hauna tarehe, na mara nyingi ni barua iliyowekwa katikati inayoonyesha ulinakiliwa lini, au ulikuwa mikononi mwa nani. Ikibidi kuitoa ili ikauke, andikeni kwa penseli kwenye kikaratasi ilikotoka, kirudi nayo. Penseli tu, kalamu hapana. Mkikuta mwaka wa Hijria, andikeni kama ulivyo. Mwaka 1307, kwa mfano, ulianza Agosti 1889 ukaishia Agosti 1890, kwa hiyo anayeandika "1889" peke yake huenda amekosea kwa miezi minane.

Na vile vipande msivitupe kwa kuona ni kadi chakavu. Kadi ya kipande iliwekwa alama kila siku ya kazi hadi zitimie siku 30, ndipo mtu alipwe. Jina, shamba na alama za siku zimo humo humo, na kwa mtafiti wa historia ya manamba (vibarua wa mashamba) wa Tanga hiyo ni hazina.

Pini zenye kutu zitolewe zikikubali kuteleza; zilizong'ang'ania muachieni mtaalamu. Palipochanika msibandike selotepu: gundi yake hugeuka manjano na kupenya hadi upande wa pili. Fungeni mzigo kwenye boksi safi la kadibodi, bila mfuko wa plastiki uliozibwa na bila dawa ya nondo, ambayo mvuke wake hudhuru mapafu ya watakaofungua.

Kabla ya kusafirisha, andikieni maktaba barua: maboksi mangapi, yana nini, ya miaka gani kwa kukadiria, na kama kulikuwa na ukungu au wadudu. La wadudu msilifiche. Mzigo wa namna hiyo hutengwa, na mara nyingi hufungwa kwenye plastiki ukagandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha ukaachwa umefungwa siku nzima upate joto la chumba, ili jasho lisikae juu ya karatasi. Kufichwa kwa mende wawili kunaweza kuambukiza rafu nzima.

Mkataba wa makabidhiano usomwe na warithi wote kabla ya kutiwa saini. Kumiliki karatasi na kumiliki haki ya kuchapisha kilichoandikwa ni mambo mawili, yaandikwe kila moja peke yake. Kama kuna hati za talaka au madeni ya watu walio hai, ombeni zifungwe kwa muda mtakaoutaja. Ombeni pia nakala za picha kwa familia.

Tunaweza kupiga picha kwa simu kwanza? (Msomaji, Pangani)

Ndiyo, na ni busara, kwa sababu mzigo unaweza kupotea njiani. Zimeni flashi, mkae karibu na dirisha, simu iwe sambamba na ukurasa, na rula ionekane pembeni ili ukubwa ujulikane. Pigeni jalada, kurasa zote hata tupu, na za hati ya Kiarabu mzianze kuliani. Picha msizitume kwa WhatsApp kama picha za kawaida, hupunguzwa ubora. Tumeni kama faili. Wekeni nakala tatu, moja nje ya nyumba.

Nina kaseti za taarab za Tanga za miaka ya 1980. Nazo hupokelewa? (Chumbageni)

Zipo maktaba zinazopokea, ulizeni. Kwa sasa vunjeni vile vijino viwili vya mgongoni ili zisirekodiwe juu yake. Yenye ukungu isichezwe kabisa, utahamia kwenye redio na kaseti zinazofuata. Nzima ichezwe mara moja tu, kichwa cha redio kikiwa kimesafishwa kwa pamba na spiriti, na irekodiwe kwa WAV ya biti 24 (faili la sauti lisilopunguzwa ubora), si MP3.

Nasoma historia. Majalada ya Wajerumani kuhusu Tanga yako maktaba ya chuo kikuu? (Mwanafunzi, Raskazone)

Hapana, ndugu. Yako Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, na namba zake huanza na herufi G. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kitu kingine: miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa miaka ya 1960, ambayo orodha yake ilichapishwa 1970. Isome hiyo orodha kabla ya kupanda basi, unakili namba unazotaka. Kwa nyaraka za serikali, sheria ya 2002 huzifungua baada ya miaka 30. Beba kitambulisho, barua ya chuo chako na penseli. Na kama hujawahi kusoma Kurrent, mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani, anza kujifunza herufi zake sasa, kwa sababu majalada mengi yameandikwa kwa mkono na anayejua Kijerumani cha vitabuni tu hukwama ukurasa wa kwanza.