Pima Kompresheni Vizuri Kabla Hujaifungua Injini Mara ya Pili

Gari ninalolizungumzia ni Suzuki Samurai yenye injini ya G13A: silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 1324, kabureta, valvu nane na kamshafti moja iliyokaa juu ya silinda hedi. Ni kagari kadogo ambako kamenifikisha mahali ambako magari makubwa ya majirani yalikwama, na kwa sababu hiyo, kalipoanza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu, sikufikiria kukauza, bali nilikapeleka gereji hapa Arusha kakafanyiwe ovahoo. Silinda zilichongwa, zikaingia pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kuliko za awali kwa milimita 0.50, pamoja na ringi zake, valvu zikasagwa, gasketi ya silinda hedi ikawekwa mpya.

Injini iliwaka siku ileile, lakini ikinguruma bila kukanyagwa ekseleta ilikuwa na kigugumizi, kama mtu anayeruka neno moja katika kila sentensi. Fundi alichomeka geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, akasoma paundi 118, 121, 104 na 119 kwa inchi ya mraba, kisha akatikisa kichwa. "Mzee, ringi hazijashika. Tushushe tena tuangalie," alisema, na mkono wake mwingine ulikuwa umeshaanza kutafuta spana. Nilimwomba asiguse kitu mpaka kesho yake. Kushusha injini si jambo la kujaribia: gasketi iliyokwisha kubanwa hairudiwi, na ringi ambazo hazijatembea hata kilomita hamsini hazijapata nafasi ya kujitetea.

Usiku ule nilipitia kitabu cha matengenezo cha gari. Kwa injini hii kompresheni ya kawaida ni kilo 14 kwa sentimita ya mraba, yaani paundi 199 hivi, kiwango cha chini kabisa ni kilo 12, sawa na paundi 170, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 1, ambayo ni paundi 14. Kwa kuangalia tarakimu hizo tu, fundi alikuwa sahihi na injini yangu ilikuwa imekufa. Hata hivyo, kitabu hichohicho kinaeleza namna ya kupima, na kati ya yale kinayoyataka sisi tulikuwa tumefanya machache sana.

Tulipima injini ikiwa ya baridi, wakati inatakiwa iwe imepata joto lake la kazi. Betri ilikuwa imechoka kwa kuwashawasha asubuhi nzima, na starta inayozungusha kwa uvivu huipa hewa muda wa kuvuja kabla haijagandamizwa ipasavyo. Kubwa zaidi, hakuna aliyekanyaga ekseleta. Kabureta ikiwa imefungwa, silinda hukosa hewa ya kutosha kuvuta, na geji haiwezi kuonyesha mgandamizo wa hewa ambayo haikuingia. Kosa hili ni la kawaida mno kwa sababu mpimaji huwa peke yake: anashika geji kwa mkono mmoja, anagusisha waya za starta kwa mwingine, na mguu wa kukanyaga ekseleta haupo. Tafuta mtu wa pili akae kwenye usukani, hata kama ni mtoto wa jirani.

Kesho yake tulianza upya. Tuliwasha injini hadi mshale wa joto ukatulia, tukaizima, tukapuliza vumbi lote kuzunguka plagi kabla ya kuzifungua, maana gari la porini hubeba mchanga katika yale mashimo, na punje moja ikidondoka ndani ya silinda iliyotoka kuchongwa utakuwa umejifanyia hasara mwenyewe. Tulitoa plagi zote nne, si moja moja, ili starta izunguke kwa wepesi. Waya wa koili tuliuchomoa, na betri tukaazima yenye chaji kamili. Geji tuliyotumia ni ya kufunga kwa nyuzi, si ile ya kubonyeza kwa mpira ambayo huvuja mkono ukilegea. Kila silinda ilizungushwa mapigo sita, ekseleta ikiwa chini kabisa. Angalia pia mshale unavyopanda: silinda nzima huruka juu tangu pigo la kwanza, lakini yenye ringi dhaifu hujikongoja, kila pigo likiongeza kidogo.

Safari hii tulipata 158, 160, 132 na 157.

Fundi bado hakuridhika, kwa kuwa hata ile 160 iko chini ya 170. Hapa ndipo wengi wetu tunaoishi nyanda za juu hupotezwa na kitabu. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ina msukumo wa karibu asilimia 85 tu ya ule wa pwani. Injini hugandamiza hewa iliyopewa, kwa hiyo kipimo hushuka kwa uwiano uleule: 199 ya kitabu huwa kama 168, na kikomo cha 170 huwa kama 144. Injini hiyohiyo ikiteremshwa Tanga, geji itapanda bila mtu kugusa nati. Silinda tatu zangu, basi, zilikuwa nzima, na kwa ringi ambazo hazijakaa vizuri zilikuwa zinajitahidi.

Ikabaki ya tatu. Tulimimina oili kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la plagi, tukazungusha kidogo isambae, tukapima tena. Oili huziba mwanya kati ya ringi na ukuta wa silinda, hivyo kipimo kikipanda sana, ringi ndizo zenye tatizo. Usizidishe oili, kwa sababu itajaza nafasi ya juu ya pistoni na kukupa namba ya uongo. Silinda ya tatu ilipanda kutoka 132 hadi 135 tu. Hewa ilikuwa inatokea juu. Kama silinda mbili zinazopakana zingekuwa chini kwa pamoja, ningeshuku gasketi kati yao. Kama zote nne zingekuwa chini kwa kiasi kimoja, ningekagua mkanda wa taiming kama umeruka jino. Lakini silinda moja, na oili haisaidii, hiyo ni valvu.

Tulifungua kifuniko cha juu na kuingiza fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi kati ya shina la valvu na roka, mkono mdogo unaoisukuma. Kwenye valvu ya kutolea moshi ya silinda ya tatu hata bati la milimita 0.05 halikupita. Valvu iliyosagwa huzama kidogo kwenye kiti chake, shina lake hupanda kuelekea roka, na ile nafasi iliyopimwa mezani hupotea baada ya injini kupata joto mara kadhaa. Valvu ilikuwa haifungi kabisa, na ningeendelea kuendesha hivyo ingeungua ukingo. Tulilegeza nati, tukarudisha nafasi inayotakiwa injini ikiwa baridi, tukakagua na nyingine saba, tukapasha injini na kupima: 158, 160, 156, 157. Kile kigugumizi kiliisha. Kazi yote ilichukua kama dakika arobaini, na fundi, ambaye ni mtu muungwana, alikataa kunitoza.

Kwa wenye pikipiki za magurudumu manne niongeze neno moja. Injini nyingi za silinda moja zina kifaa kwenye kamshafti kinachoinua valvu kidogo wakati wa kuwasha ili starta isielemewe. Kipimo chake lazima kiwe chini, na ukikilinganisha na cha gari utashusha injini nzima bure. Huko ni afadhali kusukuma hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, kisha kusikiliza inapotokea: kwenye mdomo wa kujazia oili, kwenye kabureta, au kwenye sailensa.

Yale matokeo niliyaandika kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa boneti, pamoja na tarehe na kilomita. Baada ya kilomita 1,000, oili ya kwanza ikiwa imeshamwagwa, nilipima tena kwa betri ileile na geji ileile, na chini ya mstari wa kwanza nikaandika wa pili: 166, 167, 164, 165.