Jibu: Kolestro ya mzee imetoka sawa, dawa za nini tena?

Pole sana ndugu, mpe pole na mzee. Umesema shambulio la moyo lilimpata Jumapili, damu ikapimwa mafuta Alhamisi, LDL (ile kolestro mbaya) ikasoma 2.3 mmol/L, na sasa bi mkubwa anataka aache atovastatini (dawa ya kushusha kolestro) kwa sababu "mafuta hana". Aisee asiache.

Hiyo 2.3 isiwadanganye. Moyo ukishapigwa vile mwili wote unaingia kwenye msukosuko, na baada ya kama saa 24 hivi LDL inaanza kushuka yenyewe na inaweza kukaa chini wiki kadhaa, huku traigliseridi (mafuta mengine ya damu) zikipanda, kwa hiyo kipimo cha Alhamisi hakionyeshi alivyokuwa kabla ya kuugua. Ulizeni kama walimpima usiku ule alipofika, hicho ndo cha kuaminika zaidi.

Halafu hata ingekuwa 2.3 ya kweli, kwa mtu aliyeshapata shambulio wanataka ishuke chini ya 1.4. Na dawa haipunguzi mafuta tu, inatuliza yale mabonge ya mafuta kwenye kuta za mishipa yasipasuke tena.

Arudie kipimo baada ya wiki 4 hadi 6 akiwa anameza dawa. Misuli ikimuuma sana au mkojo ukawa mweusi kama koka, muwahi kliniki yake ya moyo siku hiyohiyo. Na juisi ya kitunguu saumu haichukui nafasi ya dawa, vidonge viko palepale.