Maswali yenu: Ndoo za maji Yerevan, mwizi wa mabua na zumari la aprikoti

Mwezi huu nimepata maswali ya Armenia matatu kwa mpigo, nadhani kuna klipu inazunguka kwenye magrupu. Haya, tuanze.

SWALI: Mhariri shikamoo. Nimeona video ya Yerevan, mji mkuu wa Armenia, watu wazima wanamwagiana maji ya ndoo barabarani, kuna bibi yuko roshani ghorofani anawamwagia wapita njia na hakuna anayenuna. Ni dini hiyo au utundu tu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Vyote viwili bana. Hiyo inaitwa Vardavar, inaangukia siku 98 baada ya Pasaka, kwa hiyo mara nyingi ni mwezi wa saba jua likiwa kali huko. Kanisa lao siku hiyo linaadhimisha Yesu kugeuka sura mlimani, watu wanasali vizuri kabisa, wakitoka tu kila mtu na ndoo yake, na ukiloa huna pa kushtaki, uwe na simu mkononi au suti mpya shauri yako.

Sasa ndoo zimetoka wapi, manake kwenye Injili hazimo. Zamani kulikuwa na mungu wa kike anaitwa Astghik, wa mapenzi na maji, na sikukuu hii inahusishwa na yeye. Kwa mapokeo yao mwaka 301 mfalme Tiridates wa Tatu akaufanya Ukristo dini ya nchi, na huyo ndiye aliyekuwa amemtupa mtakatifu Gregory, mhubiri wa Ukristo, shimoni pale Khor Virap miaka kama 13, alafu akaja kubatizwa na Gregory huyo huyo. Mahekalu yakabomolewa. Lakini kubomoa hekalu ni rahisi, kumnyang'anya mtoto ndoo ya maji kwenye joto lile ndo kazi, basi kanisa likaichukua sikukuu na maji yake. Hekalu la Garni lilisalia, likaja kuangushwa na tetemeko mwaka 1679, likajengwa upya kati ya 1969 na 1975, na siku ya Vardavar watu wanaenda kumwagiana maji hapo hapo.

Kitu kimoja kitakufurahisha: wengi wanaeleza jina Vardavar kwa neno lao vard, yaani ua waridi. Vard na waridi ni neno moja, lilianzia kwenye lugha za Uajemi, Waarmenia wakalichukua moja kwa moja, sisi likatufikia kwa kupitia Kiarabu.

SWALI: Ati wanasema ule ukanda mweupe wa nyota usiku ni majani yaliyoibiwa? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ndiyo, na mwizi mwenyewe ni mungu! Anaitwa Vahagn, muuaji wa majoka na mpenzi wa huyo Astghik wa hapo juu. Baridi ilikuwa kali mwaka huo, akaenda kuiba mabua kwa Barsham wa Ashuru, akakimbia nayo mbinguni huku yanamdondoka njia nzima, kwa hiyo ukanda ule wanauita njia ya mwizi wa mabua. Anania Shirakatsi, msomi wa karne ya 7, aliiandika hadithi hiyo.

Kuzaliwa kwake nako ni balaa. Wimbo wa kale uliohifadhiwa na Movses Khorenatsi, mwandishi wao wa historia wa zamani, unasema mbingu na ardhi vilishikwa na uchungu, bahari ya zambarau nayo ikashikwa, baharini kukawa na tete jekundu, tete likatoa moshi, likatoa moto, na ndani ya moto akachomoka kijana mbio, nywele zake moto, ndevu ndimi za moto, macho jua mbili. Mimi hapo kwenye tete ndo huwa nasimama, si mwamba si radi, tete la kando ya maji.

SWALI: Kaka mhariri, ile filimbi yao inayoliza, duduk, inalia hivyo kwa sababu ya mauaji ya 1915? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Dada, najua kwa nini umefikiria hivyo, mauaji ya kimbari yale chini ya dola ya Ottoman yaligusa karibu kila ukoo wa Kiarmenia, na duduk inapigwa kwenye kumbukumbu zake. Ila duduk ni ya zamani kuliko 1915, na inapigwa harusini pia. Sauti ile inatoka kwenye ufundi. Fikiria zumari letu la pwani, nalo lina ulimi wa tete mbili, lakini tundu lake linapanuka kama faneli ndo maana linapasua masikio hadi mtaa wa pili. Duduk tundu lake ni sawasawa mwanzo hadi mwisho, alafu ulimi wake ni mpana, kwa hiyo inatoka sauti nzito, ya chini, kama mtu anaongea na koo limekauka. Mashimo manane mbele, moja nyuma la kidole gumba, na mti wake ni mwaprikoti, mpaka kwa Kiarmenia ina jina lingine, tsiranapogh, yaani parapanda ya aprikoti.

UNESCO iliutambua muziki wake mwaka 2005. Ila wengi wanaousikia hawajui kwamba kwa kawaida wanapiga wawili. Mmoja anabeba wimbo, wa pili anashika noti moja tu, wanaiita dam, anaivuta bila kukata, mashavu yamejaa hewa, anapumua kwa pua huku mashavu yanaendelea kusukuma. Utadhani hafanyi kitu. Ukiusikiliza tena leo usiku dada, mwache kwanza yule wa wimbo, mtafute huyo wa pili.