Kundi la maigizo baada ya onyesho la mwisho

Ndugu yangu, umeuliza kama kundi lenu la ridhaa lianze mchezo mpya mara moja, kwa kuwa tangu onyesho la mwisho wenzako hawaonekani tena ukumbini. Nakusihi msiharakishe. Watu waliokutana kila jioni kwa miezi kadhaa, baada ya kazi zao za mchana, hupatwa na upweke pazia linapofungwa, na upweke huo si dalili ya kuvunjika kwa kundi.

Kwanza rudisheni mavazi na vifaa vya kuazima, kisha mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya wote, wakiwemo waliouza tiketi mlangoni, kwani nimeona kundi zuri likisambaratika kwa sababu ya fedha za kiingilio ambazo hakuna aliyezitolea maelezo. Baada ya hapo kutaneni mara moja kwa wiki kusoma tamthilia kwa sauti, bila kupangiana wahusika. Aliyeshughulikia taa naye asome, maana (nasema hili kwa uchungu) ndiye husahauliwa.

Mkiweza, nendeni pamoja Bagamoyo wakati wa tamasha la TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa, mkatazame kazi za wengine kabla ya kuchagua yenu.